Chanjo ya Nyuki Haitaokoa Mizinga ya Kivu

Tangu habari ya chanjo ya nyuki itoke Marekani mwanzoni mwa 2023, kuna maneno yamepata makao hapa Goma na hayataki kuhama. Utayasikia kwa agronomu wa shirika, kwa kijana aliyemaliza mafunzo ya siku tatu na kukabidhiwa cheti, hata kwa mzee wa Masisi aliyerina asali tangu utotoni bila kufundishwa na shirika lolote: nyuki wetu wanapungua kwa sababu hawatibiwi. Wenzetu wana chanjo, sisi hatuna. Ikifika, asali itarudi sokoni kama zamani, ile ya kwenye bidoni, nzito, yenye vipande vya sega, si hii ya leo inayonukia sukari iliyochemshwa.

Maneno haya yana utamu wake. Yanatupa adui mdogo asiye na bunduki, asiye na shamba wala jamaa mkubwa, adui wa kushindwa kwa kichupa kimoja. Ndiyo maana yanapendwa na wanaoandika miradi. Nami nasema hayana ukweli. Anayeyasema anaweza kuwa na nia njema kabisa, lakini yanaelekeza fedha na macho mahali pasipo na maradhi, na kupapa kisogo mahali mizinga inapofia.

Kwanza niipe chanjo yenyewe haki yake, maana mjini hapa lipo na kundi la pili ambalo kazi yake ni kucheka tu. Kuchanja nyuki! Watamshikaje? Sindano ya ukubwa gani? Hakuna sindano. Kampuni ya Dalan Animal Health, ya jimbo la Georgia, ilipewa kibali cha masharti na Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa chanjo ya kukinga ugonjwa mmoja tu, ule wa kuoza kwa majana unaoletwa na bakteria aitwaye Paenibacillus larvae. Bakteria hao huuawa, wakachanganywa katika sukari laini, wakalishwa nyuki vibarua wanaomhudumia malkia. Vibarua hutoa maziwa ya nyuki, malkia huyala, na vipande vya bakteria waliokufa husafiri mwilini mwake hadi kwenye mayai. Kinachovibeba ni proteini ya kiini cha yai iitwayo vitelojenini. Watafiti Heli Salmela, Gro Amdam, Dalial Freitak na wenzao walilionyesha jambo hilo mwaka 2015. Jana linapoanguliwa, mwili wake umekwisha kuonjeshwa adui ambaye bado hawajaonana. Kwa mdudu asiye na kingamwili kama zetu, huo ni ugunduzi wa kuvuliwa kofia.

Na ugonjwa wenyewe si wa mzaha. Jana changa humeza spora pamoja na chakula, bakteria wakaota tumboni mwake, likaoza ndani ya kijumba chake na kugeuka ute wa kahawia. Spora hukaa hai zaidi ya miaka 35 katika masega makavu, mbao za mzinga na asali. Antibayotiki kama oksitetrasaiklini huua bakteria wanaokua, spora zikabaki. Mzinga ukaonekana umepona, kisha ukaanguka tena. Kwa hiyo nchi nyingi hazina dawa bali zina amri: chimba shimo, choma nyuki, masega na fremu, fukia. Majaribio ya chanjo yaliyochapishwa 2022 yalipunguza athari za ugonjwa kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 50. Kwa mfugaji aliyezoea kusimama kando ya shimo na kibiriti mkononi, nusu shari ni afadhali.

Wala asije mtu akanitia kapu moja na wanaokimbia chanjo. Mji huu umechanjwa. Ebola ilipogundulika Goma Julai 2019 watu walipanga foleni, Novemba mwaka huohuo chanjo ya pili ya Ebola ikaanza kutolewa hapahapa, na Oktoba 2024 tukaanza kuchanjwa dhidi ya mpox. Kila chanjo kati ya hizo ilikuja kwa ugonjwa uliokwisha kuonekana, kupimwa na kutajwa jina. Nataka nyuki nao wafanyiwe hivyohivyo.

Basi muulize anayesema mizinga inakufa kwa maradhi: maradhi gani? Nani ameona majana yaliyooza? Mara nyingi jibu ni moja: nyuki waliondoka. Mzinga ulikuwa umejaa, akarudi baada ya mwezi akakuta mtupu. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Kundi lililokufa kwa kuoza kwa majana huacha ushahidi: vifuniko vya nta vilivyozama na kutoboka, harufu kama ya gundi iliyochacha, magamba meusi yaliyoganda chini ya vijumba hata ukucha hauyang'oi. Kundi lililohama huacha masega makavu, safi, asali yote imechukuliwa, halafu nondo wa nta wanaingia kutaga. Ukiyaona matandabui yao meupe usiseme nondo ndiye muuaji. Amekuja kula makombo.

Kuhama ni tabia ya nyuki wetu. Nyuki wa Ulaya amelelewa kwa karne nyingi kukaa na kuweka akiba ya baridi kali. Nyuki wa Afrika, maua yakikauka, siafu wakivamia, moshi wa moto wa msituni ukizidi au mtu akimsumbua kupita kiasi, hukusanya asali tumboni akaondoka na ukoo wote. Kumwita mgonjwa kwa sababu hiyo ni kumtukana.

Na hapa ndipo ile chanjo, kwa uzuri wake wote, inapokosa mlango wa kuingilia. Huko Georgia mfugaji hununua malkia. Malkia hufika kwa posta ndani ya kizimba kidogo, pamoja na vibarua wachache na donge la sukari. Donge hilo ndilo linalobeba chanjo. Mfugaji akisha kumwingiza mzingani anajua umri wake, anajua alikotoka, pengine amempaka nukta ya rangi mgongoni. Kila Februari mizinga kwa mamia ya maelfu hupakiwa kwenye malori kwenda California kuchavusha milozi, ikapangwa bega kwa bega na mizinga ya wageni. Ugonjwa wa kuambukiza ukitaka kazi, huko ipo. Chanjo hii ilitengenezwa kwa ufugaji wa namna hiyo na inaufaa.

Sasa njoo Masisi, au panda kuelekea Rutshuru. Mzinga umefumwa kwa mianzi au matete, ukasiribwa kwa samadi ya ng'ombe, ukavikwa majani makavu ya mgomba na kulazwa kwenye panda la mti. Hakuna aliyenunua nyuki wa kuutia. Mwenyewe huusugua ndani kwa nta ya zamani, huufukiza kwa majani yenye harufu, kisha anakaa kungoja. Bumba huja lenyewe, pengine wiki hiyo, pengine baada ya mvua za kwanza, mubirizi ukitoa maua. Malkia aliye ndani hajapata kuonwa na binadamu. Ukitaka kumwona ili umpe sukari ya dawa, itakubidi ukate sega moja baada ya jingine, kwa kuwa yameshikana na dari, na kabla hujafika katikati nusu ya kundi limekwisha kuning'inia kwenye tawi la juu na nusu nyingine imo ndani ya shati lako.

Tuseme umempata, umemlisha, umemrudisha, na miujiza haijaisha: kundi limekubali kubaki. Maua yakishamiri litagawanyika. Malkia yule aliyelishwa ndiye anayeondoka na bumba, akaenda kuishi kwenye pango la mti usilolijua, huku mzinga wako ukirithiwa na binti yake ambaye hakula kitu. Umemchanja mgeni aliyelala kwako usiku mmoja. Halafu mwaka unaofuata unadaiwa dozi nyingine.

Niliwahi kumsikia mtaalamu akijibu hoja hii kwa kusema: basi tubadilishe ufugaji, tufuge kama wao. Jibu hilo lina ujasiri, nakubali. Lakini linageuza mambo juu chini. Linataka kwanza tujenge mazingira ya ugonjwa, kisha tununue kinga yake.

Nieleze kwa nini nasema hivyo. Mrina asali wa jadi hukata sega lote. Anakula asali, anakamua nta, na nyuki wanaobaki wanajenga sega jipya kutoka mwanzo. Wataalamu humlaumu, wakisema anawachosha nyuki maana nta ni ghali kuitengeneza. Kweli, anawachosha. Lakini pia kila mavuno anaondoa lile sega kuukuu ambalo spora zingejificha ndani yake kwa miaka 35. Bumba linapohama linafanya kazi hiyohiyo: linaacha nyumba chafu nyuma. Mzinga wa fremu, kinyume chake, umebuniwa ili sega lisipotee. Unalitoa, unakamua asali kwa mashine, unalirudisha, mwaka hadi mwaka. Fremu ya mzinga huu inasaidia mzinga ule. Mashine moja ya kukamulia inazunguka vijiji. Karatasi za nta za kuanzishia masega zinanunuliwa bila kujua zimeyeyushwa kutoka kwa nta ya nani. Nyuki wakiwa na njaa wanalishwa asali ya dukani. Hesabu njia hizo za ugonjwa. Mzinga wa matete hauna hata moja.

Sisemi mzinga wa fremu ni haramu. Asali yake ni safi, majana hayapondwi, na mama anaweza kuufungua ukiwa kwenye kichanja kimo cha kiuno badala ya kumpandisha mumewe mtini usiku na mwenge. Hilo la mwisho peke yake lingenitosha kuutetea. Kazi ya asali imekuwa ya wanaume kwa sababu ya mti tu. Ugomvi wangu ni na mizinga iliyotumika, inayotoka kwingine na kutolewa zawadi. Ugomvi wangu ni na mradi unaopimwa kwa idadi ya masanduku yaliyogawiwa, picha ikapigwa, kisha masanduku yakabaki kuwa viota vya mijusi au makabati ya kuhifadhia maharagwe. Yapo mengi ya aina hiyo, na wenyewe mnayajua.

Mashahidi wako karibu. Mwaka 2009 ugonjwa wa kuoza kwa majana uliripotiwa Western Cape, Afrika Kusini, katika eneo la ufugaji wa kibiashara ambako masanduku husafirishwa kutoka bustani moja ya matunda hadi nyingine. Nchi ile ina sheria inayodai asali ya kigeni ipigwe mionzi kabla ya kuingia sokoni, na bado bakteria wakapenya. Mwaka 2016 watafiti wakaandika kwamba wamewakuta kwa mara ya kwanza katika kundi la nyuki la Uganda. Uganda ni hapo tu, ng'ambo ya Bunagana. Kwa hiyo simuungi mkono yule anayejipiga kifua kwamba nyuki wa Afrika haugui kamwe. Anaugua. Ila hakuna mtu wa Kivu aliyeniwekea mezani mzinga uliokufa kwa ugonjwa huu akasema, huu hapa.

Tena upo utafiti ambao kila mwandishi wa mradi angepaswa kuusoma kabla ya kuandika neno chanjo. Mwaka 2014 Elliud Muli wa Kenya na wenzake, wakiwamo Harland Patch, Maryann Frazier na Christina Grozinger wa Marekani, walichapisha matokeo ya kupima makundi ya nyuki katika maeneo 24 ya Kenya, kuanzia pwani mpaka milimani. Kupe aitwaye Varroa, yule anayewaliza wafugaji wa Ulaya na Marekani, alikuwa amegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2009 tu. Wao walimkuta karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Wakakuta na baadhi ya virusi, na vimelea vya Nosema pwani. Walipolinganisha na ukubwa wa makundi, hawakuona kwamba kupe wala Nosema wamewadhoofisha nyuki. Wafugaji hawakutumia dawa, na nyuki waliendelea na kazi zao. Ushauri wa watafiti ulikuwa wazi: msianze kuwatia dawa hizo, maana mtaharibu uvumilivu ambao nyuki wameupata wenyewe.

Watu wa Amerika ya Kusini walilijua hilo mapema kwa njia ya ajabu. Mwaka 1956 Warwick Kerr alipeleka malkia wa Afrika Brazil ili kuboresha mavuno. Mwaka uliofuata baadhi ya makundi yakatoroka, yakachanganyika na nyuki wa Ulaya waliokuwa huko, yakasambaa bara zima. Magazeti yaliwaita nyuki wauaji. Leo wajukuu wao wanaishi Brazil na kupe Varroa bila kutiwa dawa, wakati nyuki wa Ulaya wasipotibiwa hufa katika miaka michache. Damu ile ilitoka upande wetu. Ni kichekesho kwamba sisi tuliobaki na mama zao tunaambiwa tuwaonee huruma.

Kama si maradhi, nini basi? Jibu halihitaji maabara. Simama asubuhi kwenye barabara ya Sake au ile ya Kibumba uhesabu chukudu na pikipiki zinazoingia mjini. Goma inapika kwa makala. Sehemu kubwa ya makala hayo inatoka katika misitu ya Virunga na kandokando yake. Nyuki wa mwitu, ambao ndio chanzo cha kila bumba linaloingia mzingani, wanataka mti mzee wenye pango. Na mchoma makala naye anautaka mti huohuo kwa unene wake. Ukiukata umeua nyumba, umeua maua ya juu yake, na umeua bumba ambalo lingejaza mzinga wa jirani mwakani. Hapo hakuna wa kuchanjwa.

Simlaumu mama aliyekaa chini ya turubai Kanyaruchinya au Bulengo na watoto watano, akatafuta kuni pale alipoweza. Mamia ya maelfu walimiminika kuzunguka mji huu kati ya 2022 na 2024, na chakula cha msaada hakiliwi kibichi. Nawalaumu waliojua hivyo tangu 1994, wakimbizi wa Rwanda walipopiga kambi humuhumu na msitu ukaliwa, na ambao bado wanafikiri kuni ni jambo la kushughulikiwa baadaye.

Vita vimeongeza lake. Mwenye mizinga akikimbia Masisi, mizinga inabaki. Anayepita na bunduki harini, anachoma: analaza mwenge kwenye mlango, nyuki wanaungua mabawa, anachukua asali na majana pamoja, na sanduku anageuza kuni. Mwenyewe akirudi, kama amerudi, anakuta jivu. Akija mtu wa mradi kumhoji, anajaza kwenye fomu: mizinga iliyopotea, ishirini. Fomu ikifika ofisini inasomwa kama vifo vya nyuki. Nimeona karatasi za namna hiyo na najua safu ya sababu huwa finyu.

Weka na dawa za mashambani. Nyanya, viazi na maharagwe yanapuliziwa saa nne asubuhi, wakati maua yamefunguka na nyuki wako kazini, na mpuliziaji ambaye hakuambiwa kwamba akingoja jioni angeua wadudu walewale na kuwaacha nyuki. Weka na milima yetu miwili ya moto, ambayo ikitoa majivu na mvua ya tindikali inaunguza maua hadi upande wa Rusayo. Kwa Nyiragongo na Nyamulagira hatuna la kufanya. Kwa mpuliziaji tunalo, na halizidi bei ya maongezi.

Kuna jambo jingine linanikera, la wanyama wa nyumbani. Kuku wa vijijini kwetu wanafagiliwa na kideri, na chanjo yake ipo miaka mingi, tena ile inayostahimili joto imekwisha kusambazwa vijijini Tanzania na Msumbiji kwa tone la jichoni. Mbuzi wanakufa kwa sotoka yao, ambayo mashirika ya dunia yamejipa hadi 2030 kuitokomeza, na chanjo yake pia ipo. Kuku anajulikana ni wa nani na analala wapi. Mbuzi amefungwa kwenye kigingi. Ikiwa hatujaweza kuwafikishia hao, huyu wa kuruka ambaye hata mwenyewe hamjui kwa sura tutamfikishiaje? Na hii ni kabla hata ya kuuliza mzigo utashukia wapi na utalipiwa vipi, katika mji ambao benki zake na uwanja wake wa ndege vilifungwa waasi wa M23 walipoingia mwishoni mwa Januari 2025.

Najua jibu ninalongojewa: kwa hiyo tukae tu mpaka ugonjwa utoke Uganda utufikie? La. Tujifunze kuutambua, na masomo yake yanaingia ndani ya kiberiti. Tafuta kijumba cha jana ambacho kifuniko chake kimezama, kimepoteza rangi au kina tundu. Ingiza kijiti cha kiberiti, zungusha polepole, kivute nje. Jana lenye afya ni jeupe na halivutiki. Likitoka kama ute wa kahawia, likanyooka uzi wa sentimita mbili au tatu kabla ya kukatika, usifungue mzinga mwingine siku hiyo. Nawa mikono, kisu kitie motoni, ziba mlango wa mzinga jioni nyuki wote wakiwa ndani. Kipande cha sega chenye majana hayo kifunge kwenye karatasi, si nailoni, ili kisiote ukungu. Kitume Nairobi: katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, iko tangu 2014 maabara ya rejea ya Afrika kwa afya ya nyuki. Ikithibitika, shimo na moto. Mfugaji akifidiwa mzinga mmoja aliouchoma kwa hiari, atakuwa amekinga mizinga ya kilima kizima, na fidia hiyo ni ndogo kuliko posho za semina moja kwenye hoteli za ufukweni mwa ziwa.

Mafunzo yetu yaanzie hapo, badala ya picha za malkia wa Georgia ukutani. Nimekaa katika mafunzo ambako tulionyeshwa jinsi ya kumtia malkia rangi mgongoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyeonyeshwa jana lililooza linafananaje na lililo zima.

Miti nayo ina mahali pa kuanzia. Mradi wa EcoMakala wa WWF, uliozinduliwa 2007, umepanda mikaratusi na miti mingine kwa ajili ya makala ili msitu wa hifadhi upumue. Ni kazi njema, ila mkaratusi unaokatwa ungali kijana unatoa maua, hautoi pango. Anayepanda hekta ya makala aache pembeni miti ya kienyeji isiyokatwa, na ndani yake atundike mizinga mitupu, ya matete, ya bei ya siku moja ya kazi. Mabumba yatakuja. Hayajawahi kuhitaji mwaliko.

Kwa hiyo nawaomba wenye fedha za miradi, wa hapa na wa ng'ambo. Msituletee mizinga iliyotumika. Msituletee nta msiyojua ilikotoka, wala malkia wa kizimbani, awe amechanjwa au hajachanjwa. Akija na ugonjwa wake hatuna namna ya kumrudisha. Leteni majiko yanayokula makala machache, leteni miche, na mlipeni mfugaji anayechoma mzinga wenye ugonjwa. Na wewe uliye na mizinga, safari ijayo ukienda kurina beba kiberiti kimoja zaidi, utazame majana kabla ya kutazama asali.